Mageni wa Haraka, Mageni wa Polepole

"Umemuua Mageni mara ya pili!"

"Sijamuua mtu. Nimebadilisha mkanda tu."

"Zima! Zima hicho kitu! Huyo siyo Mageni, huyo ni kuku anakimbizwa kuchinjwa!"

"Kaseti ni ileile. Umeiweka mwenyewe kwa mkono wako."

"Na haka katoto kanakoimba humo ndani ni nani? Chiku ana sauti nzito kama trekta. Haka kametoka wapi, chekechea?"

"Ndiyo Chiku huyo."

"Funga mdomo!"

"Mayo wee," akasema mama mmoja pale mlangoni, taratibu, kama mtu aliyeona nyoka chini ya kiti. "Athanas, sikiliza vizuri. Tumekuwa Kharumwa."

Nikazima redio.

Huyo aliyekuwa ananifokea ni babu yangu, Athanas, baba yake mama. Naishi kwake hapa Segese tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Sikufukuzwa, niliacha, nilichoka kukaa. Mimi ni Eliya, napiga kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Na yule mama wa mlangoni ni Paskalina, mjane, mnene, mchezaji namba moja wa chama cha Babu. Chama chenyewe kinaitwa Wapenzi wa Mageni. Kila Jumapili mchana wanakuja uani kwetu, wanaume mashati meupe na kofia, wanawake kitenge sare, Babu anaweka kaseti kwenye redio yake ya zamani, wanacheza mpaka kuku wanaingia bandani.

Mageni ni nani? Usiulize hivyo mbele ya Babu, utakaa mpaka jioni. Alikuwa mpiga saksafoni wa Busangi Jazz, bendi ya zamani ambayo Chiku alikuwa mwimbaji wake. Kijana wa kupima pamba kiwandani, na tajiri mwenye kiwanda alikuwa na gramafoni na santuri za Wamarekani weusi, yale mabendi makubwa ya swingi ya zamani. Mageni akawa anasimama dirishani anasikiliza wakati wenzake wanakula. Mpaka akaweza. Babu anasema akipuliza, wanaume walikuwa wanawapenda wake zao upya. Alikufa kabla mimi sijazaliwa, hakuacha mtoto. Saksafoni yake alisema ikae na wanaocheza. Ikaja kukaa kwetu, mezani, pembeni ya redio. Babu anaifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso. Hakuna anayejua kuipiga. Ukiigusa bila kunawa mikono unapigwa na kofia.

Sasa tatizo. Kharumwa nao wana chama. Nao ni wapenzi wa Mageni, maana alikaa kule miaka yake ya mwisho. Mwenyekiti wao ni George, broka wa dhahabu, mtu wa miwani ya jua na maspika makubwa kama makabati. Kila mwaka Kharumwa na Segese wanatukanana kwa jambo moja tu: Mageni alipigaje? Kharumwa wanasema alipiga haraka, swingi ya moto, miguu inaruka. Sisi tunasema polepole, swingi nzito, kiuno kinafika kabla ya mguu. Kharumwa wanatuita msiba. Sisi tunawaita siafu.

Mwaka huu George alikuja mwenyewe mpaka uani, akasimama na viatu vyake vya kung'aa, akasema, "Mzee Athanas, shikamoo. Mageni alisema chombo kikae na wanaocheza. Nyie mnazika. Tukutane uwanjani, na watu waamue."

Babu akajibu, "Marahaba. Uwanja wa Segese, Jumamosi baada ya mavuno. Na chombo nitakileta mwenyewe."

Alisema mbele za watu. Basi imeisha hiyo, huwezi kurudi nyuma.

Mkanda nilibadilisha kwa nia njema. Karasha linazungushwa na mkanda, na mkanda ukilegea mashine inachoka, sauti inashuka, unasikia kabla hujaona. Jumapili moja nimekaa nakula karanga, nikasikia redio ya Babu inachoka vilevile. Nikafungua nyuma. Mkanda wa ndani umelegea kama suruali ya mlevi. Nikaenda kwa fundi redio Kahama, nikanunua mpya, nikaufunga. Ule wa zamani ukakatika mkononi, umeoza kabisa. Tukabonyeza. Mageni akatoka mbio.

Unaelewa? Mkanda haukulegea siku moja. Ulilegea mwaka hadi mwaka, kidogo kidogo, na wao wakawa wanapunguza miguu kidogo kidogo, hakuna aliyejua. Swingi nzito ya Segese, kiuno kabla ya mguu, haikutoka kwa Mageni. Ilitoka kwenye mpira uliochoka.

Nilimwambia Babu hivyohivyo. Mimi sijui kuzunguka.

"Babu, Kharumwa wako sahihi."

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Mimi nilikuwa pale, Eliya. Pale kiwandani. Busangi Jazz wako juu ya marobota ya pamba, mimi niko chini, nacheza. Masikio haya! Utaniambia wewe na bisibisi yako?"

"Basi kama una uhakika, unaogopa nini?"

Paskalina akaguna. Babu akavua kofia, akaivaa tena.

"Rudisha mkanda wa zamani."

"Umekatika."

"Tafuta mwingine kama ule."

"Nani anauza mkanda uliolegea, Babu? Duka gani?"

"Usinijibu! Jumamosi tunaenda uwanjani. Watu wazima hawa watacheza nini? Watacheza hizo mbio na magoti haya? Chombo kitaenda Kharumwa, kitawekwa sebuleni kwa broka, karibu na televisheni!" Akakaa karibu na saksafoni, akaanza kuifuta, na ilikuwa safi. "Tengeneza," akasema. "Sijui utafanyaje. Tengeneza."

Paskalina alinifuata nje. "Mjukuu, kuna mganga namfahamu kule njia ya Geita. Ana dawa ya kuvuta watu. Hata ngoma za zamani walitumia."

"Mama Paskalina, dawa ninayo," nikamwambia, nikamwonyesha kidole gumba.

Akadhani namtania.

Ila sikuwa natania. Kwenye redio kuna kigurudumu cha chuma, ndicho kinachozungushwa na mkanda. Ukifungua mfuniko wa nyuma na kukigusa kidogo kwa kidole, Mageni anapunguza. Ukibonyeza zaidi, anazama kama ng'ombe kwenye matope. Ukishikilia katikati, pale pale, unampata Mageni wa Babu. Nilifanya mazoezi wiki nzima nikitoka karasha. Kidole kikaota sugu, wenzangu wakawa wananiuliza kama nimeanza kushona viatu. Mimi mkono wangu nauamini.

Kwetu Usukumani ngoma hazishindanishwi kwa kura. Makundi mawili yanachukua kila moja upande wake wa uwanja, yanacheza kwa wakati mmoja, na watu wanatembea wenyewe. Wanakojaa, huko ndiko ushindi. Hakuna wa kukuonea. Na dawa hazikatazwi, dawa ni sehemu ya mchezo, kila kundi linakuja na ya kwake na halifichi.

Jumamosi mchana uwanja ulijaa. Wachimbaji wametoka maduarani, yale mashimo ya dhahabu, na vumbi lao, wauza samaki wa kutoka Chato, bodaboda, watoto, mpaka mchungaji. Katikati ya uwanja kuna meza, juu yake saksafoni kwenye kitambaa cheupe, na pembeni ya meza kwenye kiti amekaa Bi Chiku mwenyewe. Ndiyo, yule wa kwenye kaseti. Alitoka Shinyanga mjini na basi la asubuhi. George na Babu walikubaliana kitu kimoja tu, kwamba yeye ndiye atakayemkabidhi mshindi chombo. Mwembamba, ushungi wa kijani, meno machache. Nilipomsalimia, "Shikamoo, Bi Chiku," akajibu, "Marahaba, baba," kwa sauti nyembamba kama filimbi.

Nikamgeukia Babu. Babu akajifanya anatazama mawingu.

Tukaanza. George akafungua yale makabati yake. Mungu wangu! Mchanga uliruka. Kharumwa wametoka na viatu vyeupe, wanaruka, wanapishana, mikono inakata hewa, na saksafoni ya Mageni iko juu inacheka. Nasema kweli, ilikuwa nzuri. Bodaboda wote wakakimbilia kule, na watoto nyuma yao.

Sisi tulikuwa na amplifaya ya kwaya ya kanisa na jenereta linalokohoa. Nikapiga magoti nyuma ya meza yangu, nikabonyeza kaseti, nikaweka kidole. Mageni akashuka, taratibu, mpaka mahali pake.

Paskalina akatoka.

Huwezi kumweleza mtu ambaye hakuwepo. Yule mama akisimama ni mnene, akitembea ni mnene, lakini akicheza ni maji kwenye mtungi. Kiuno kikaondoka, mguu ukafuata baadaye sana, kama umekumbushwa. Nyuma yake mstari mzima wa wazee, kofia zimeinama upande mmoja, wanashuka pamoja, wanasubiri... wanasubiri... halafu bega. Bega tu. Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele.

"Eeh! Hao wazee wana mifupa kweli?" mchimbaji mmoja akapiga kelele.

"Njoo uangalie! Njoo, wa Kharumwa wanaruka tu kama wamekanyaga moto!"

Watu wakaanza kutembea. Kwanza wamama, halafu wachimbaji, halafu wauza samaki na ndoo zao. Bodaboda wakasikia kelele, wakageuka. Kidole kinaungua, jasho linaingia machoni, mimi nacheka peke yangu nyuma ya redio. Babu alikuwa mbele ya mstari, mikono nyuma, kidevu juu. Nikawaza, leo hata George atakuja kucheza kwetu.

Na kweli George alikuja. Ila hakuja kucheza. Alikuja kwa nyuma, pamoja na jamaa yake mmoja, akaniona nimepiga magoti na mkono ndani ya redio kama namzalisha ng'ombe.

"We! Unafanya nini?"

"Kazi."

Akanishika mkono, akauvuta.

Mageni akaruka. Muziki wetu ukapaa ghafla, mbio, uleule wa Kharumwa, noti kwa noti. Wazee wakagongana. Paskalina alikuwa amekwisha kutuma kiuno, mguu haukujua uende wapi, akakaa chini na vumbi juu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Halafu kicheko kikaisha, maana watu walianza kusikia: pande zote mbili ni wimbo mmoja. Ni Mageni mmoja.

"Wezi!" George akapanda juu ya kreti. "Mnaona? Kijana anamshika Mageni kwa kidole! Miaka yote wanatudanganya! Bi Chiku, njoo, njoo uone wizi!"

"Wizi gani?" Paskalina akasema kutoka chini, hajainuka bado. "Hiyo ni dawa yetu. Tangu lini dawa imekatazwa uwanjani?"

"Kidole siyo dawa!"

"Dawa ni kinachovuta watu. Kimevuta, hakijavuta? Angalia ulipo wewe mwenyewe, George. Uko upande wetu!"

Watu wakalipuka. Hata jamaa wa George alicheka, akajifanya anakohoa.

Bi Chiku alikuja polepole, watu wakampisha. Akaniambia nizime. Akamwambia George naye azime. Ukabaki upepo na jenereta.

"Cheza ya haraka," akaniambia. Nikacheza. Akasikiliza sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya msichana. Akatikisa kichwa kidogo. "Sasa weka hicho kidole." Nikaweka. Sauti yake ikashuka, ikawa ya dume. Akacheka mpaka akashika meza.

"Sasa huyu mwanaume ni nani jamani?"

"Mageni alipiga haraka," akasema. "Haraka kuliko hata hii. Tulikuwa tunamwambia, kaka, subiri tuvute pumzi, anasema mtavuta kesho. Kharumwa mnacheza Mageni mwenyewe."

George akanyoosha mikono juu, watu wake wakapiga makofi, mmoja akaanza kwenda kwenye meza ya chombo.

"Sijamaliza," Bi Chiku akasema. "Mlikubaliana nini nyie wawili? Mlisema niseme nani anamjua Mageni? Mlisema watu waamue. Mimi macho ninayo. Watu walikuwa huku. Na dawa haikatazwi, huyo mama amesema kweli, hata sisi Busangi Jazz tulikuwa nayo, tulikuwa tunaifukia chini ya jukwaa. Chombo kinabaki Segese."

Kelele zilizonyanyuka hapo, nadhani Kahama walisikia. Wazee wangu wakarusha kofia. Paskalina alinivuta kichwa akakibana kwapani, nikakosa hewa. George alivua miwani, akaivaa, akasema, "Mwakani tena," akarudi kwenye makabati yake kwa hasira, akafungua muziki mpaka mwisho. Mageni wa haraka akajaa uwanjani.

Nikamtafuta Babu. Nilitaka anione. Nilikuwa nimemtengenezea, si ndivyo alivyosema? Tengeneza. Nikamkuta bado amesimama mbele ya Bi Chiku, kofia mkononi.

"Chiku," anasema, "mimi nilikuwa pale. Mko juu ya marobota. Nakumbuka alipiga polepole. Nakumbuka kabisa."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Kijana kama huyu." Akaninyooshea mimi.

"Basi. Kijana haoni haraka, Athanas. Ulikuwa unakwenda naye sawasawa."

Mimi namjua Babu, akikasirika shingo inavimba. Haikuvimba. Alikuwa amegeuza sikio kule upande wa pili, kwenye makabati ya George, na vidole vyake vinagonga kwenye kofia. Vinachelewa. Vinagonga tena, vinachelewa.

"Babu, tumeshinda," nikamwambia. "Chombo ni chetu. Twende nyumbani, niwawekee ya kwetu, kidole bado kipo."

"Wabeja, asante, mjukuu wangu. Umefanya kazi." Alisema vizuri, kwa upole, akanishika bega. "Leo umeniokoa."

"Sasa twende."

Akachukua saksafoni pale mezani, akaifunika na kile kitambaa, akanipa. Mikono yangu ilikuwa na grisi. Hakunipiga na kofia.

"Chombo kitunze wewe," akasema. "Mimi namfuata mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Umemsikia Chiku. Nimecheza na mkanda miaka yote hiyo, Eliya. Mageni yuko kule."

"Kule ni Kharumwa! Babu, ukivuka uwanja watasema umehama! Watatucheka mpaka mwakani!"

"Wacheke. Mimi sikuanza kumpenda kwa sababu ya watu."

"Na magoti yako?"

"Magoti yatajifunza. Yalijifunza kupungua, yatajifunza kuongezeka."

Paskalina akaita, "Athanas! We Athanas, unakwenda wapi?" Watu wote walikuwa upande wetu, wamejaa, wanashangilia. Kule ng'ambo walikuwepo George na wachezaji wake tu, wanaruka peke yao kwa hasira kwenye vumbi lao.

Babu akavaa kofia, akaiinamisha upande. Akanigeuzia mgongo, akaingia katikati ya uwanja ule mtupu, anatembea kwanza kama mzee, halafu mguu wa kushoto ukajaribu kitu, ukakosea, ukajaribu tena, na hakugeuka nyuma.